Vidonge Visivyoonjwa

Simu ililia mara ya tatu Marita akiwa amezamisha mikono yote miwili kwenye maua. Mbele yake mezani kulikuwa na rundo la krisanthemu kavu, ndogo, za njano, zilizomwagwa kutoka kwenye gunia asubuhi hiyo, naye alikuwa akizichambua: ua zima kulia, lililopukutika kushoto, vijiti na vumbi kwenye ndoo. Ua jeupe kupita kiasi hulinusa kwanza, maana likinuka kiberiti ujue limefukizwa ili lipendeze macho, na Mama Guo, mwenye duka, hauzi ua lililofukizwa. Ni kazi ya vidole na pua. Simu haina nafasi humo. Lakini simu haikujua hilo, ikalia mara ya nne, na mtu anayepiga mara nne mfululizo saa tatu asubuhi ama amefiwa ama ni Nzigire wa Buffalo.

Alikuwa Nzigire wa Buffalo.

"Dada Marita, bon, unanisikia? Miye niko ku kazi, niko mu pause, niko na dakika kumi tu. Ile maua ya njano ilishaisha. Watu wananisumbua. Unitumiye paketi makumi mbili. Na ile ya rose, ya wamama, uongeze. Kuko mwanafunzi moja wa Amherst naye anaitaka."

Marita aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kuchambua. Sasa wewe niambie, mtu afanye nini? Tangu aanze kazi kwenye duka hili la chai za Kichina hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, Marekani, miaka mitatu iliyopita, simu yake haijapumzika. Ndugu ambao hawakumkumbuka hata kwa salamu za Krismasi walimkumbuka siku waliposikia anafungasha majani. Dada, magoti. Dada, mtoto anakojoa kitandani. Dada, mume wangu anakoroma, Wachina hawana kitu? Kana kwamba amesomea udaktari, na wala si mwanamke aliyeishia darasa la tano katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila na sasa anafunga pakiti kwa mashine ya kuyeyusha plastiki.

Alichojua ni kile alichofundishwa na Mama Guo, na hakikuwa kingi. Krisanthemu hupoza, kwao Mama Guo huinywa wakati wa joto, macho yakiwaka au kichwa kikichemka. Maua ya jinyinhua, membamba, yenye rangi ya siagi, ni ya koo linalowasha. Matumba ya waridi ni ya mwanamke ambaye mwezi wake huja na maumivu, au ambaye moyo umemlemea. Vitunda vyekundu vikavu huongezwa kwa ajili ya macho ya wazee. Asumini hunywewa kwa sababu inanukia, basi. Mama Guo husema wazee wake walikunywa hivyo na yeye anakunywa hivyo, hasemi zaidi. Lakini neno likishatoka Beechmont, likapita Columbus, likafika Buffalo, ua la kupoza macho limeshakuwa dawa ya sukari, ya presha na ya ndoa.

"Nzigire, nilikuambia ile ni chai."

"Ee, chai, ninajua. Na ushuhuda ya kaka yako, uliisikia?"

"Ushuhuda gani?"

"Haukuisikia? Iko mu groupe ya wamama. Ngoja."

Kukawa na mikwaruzo, kisha sauti ikatoka kwenye simu nyingine huko Buffalo, sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Marita aliijua kabla haijataja jina. "Mimi ni Sylveri, wa Columbus. Miezi minne sasa sijagusa kidonge cha presha. Nakunywa maua ambayo mdogo wangu Marita aliniletea kwa mkono wake. Kichwa ni chepesi. Mungu ashukuriwe." Amina zikafuata, nyingi, moja juu ya nyingine.

"Njo vile," Nzigire alisema. "Tulilia siye wote. Donc, paketi makumi mbili, ao unaweza..."

Marita alikata simu. Hakuwa na desturi ya kumkatia mtu akiwa anaongea. Alikaa, akatazama maua, akagundua kwamba ameshachanganya mazima na yaliyopukutika, kazi ya saa nzima imeharibika.

Jovini, kaka yao wa katikati, alianguka bombani kambini akiwa na ndoo mkononi. Upande mmoja ukafa siku hiyo hiyo. Aliishi siku kumi na moja, akiongea kwa nusu ya mdomo, na daktari wa kambi akasema ni presha ya siku nyingi. Sylveri ndiye aliyemwokota. Ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko siku zote kumi na moja. Na huyo huyo Sylveri ndiye aliyeambiwa na daktari wa Columbus, mbele ya mkewe, kwamba asipokunywa vidonge kila siku mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kuhusu presha? Kuna nini asichokijua?

Lakini hasira ya Marita, ukiichambua kama alivyokuwa akichambua maua, nusu yake haikuwa ya Sylveri. Ilikuwa ya Marita.

Maana maua yale, aliyempelekea ni yeye. Ilikuwa mwezi wa sita, harusi ya binti wa Sylveri, na Marita alikwenda Columbus na kopo zima la krisanthemu kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Aliichemsha jikoni, akaiwekea asali, akawapelekea wazee waliokaa sebuleni. Na kwa kuwa alilelewa, alifanya kama anavyofanya kila aliyelelewa kwao: aliyeleta kinywaji hukionja kwanza. Anapiga funda, watu wanamwona akimeza, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo anampa mkubwa. Pombe ya mtama ilikuwa hivyo, maziwa yalikuwa hivyo, na hata walipookoka wakaacha pombe, soda ilikuwa hivyo. Usipoonja, una lako. Sylveri alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema tamu. Kisha mzee mmoja akauliza, "Marita, wewe mbona huzeeki? Hatujasikia hata siku moja kwamba umelazwa." Naye akacheka, mpumbavu yule, akasema, "Ni maua, baba."

Ni maua. Wakati huo kwenye mkoba wake, ndani ya chupa iliyoandikwa vitamini, mlikuwa na vidonge vya presha. Alikuwa akivinywa kwa mwaka na nusu, chooni, maji ya bomba kiganjani. Hakumwambia mtu. Mjane mwenye presha watu husema ni mawazo, na mawazo ya mjane watu huyajua kabla yeye mwenyewe hajayawaza. Tena yeye ni shemasi wa kanisa. Tena, tuseme ukweli, alipenda kusifiwa. Hakuwa na gari wala nyumba wala cheti; alikuwa na afya, na afya yenyewe ilikuwa ya kubandika.

Alimpigia mke wa kaka yake. Flavia alipokea kwa sauti ya chini.

"Wifi, ni kweli kaka ameacha dawa?"

"Wewe ndiyo unasikia leo? Asubuhi damu zinamtoka puani, anasema ni hewa kavu ya hita. Nilimpeleka kwenye ile mashine ya kupimia pale dukani. Ikasema mia tisini na nne juu ya mia na kumi na mbili. Akasema mashine mbovu. Akamwita mzungu mmoja mnene aliyekuwa akipita, akamkalisha, ikasema mia na ishirini. Akaniambia, unaona, mbovu kweli."

"Na vidonge viko wapi?"

"Vyote vipo. Duka la dawa linatuma meseji kila mwezi, naenda kuchukua. Amevipanga kabatini, chupa nne, hata vizibo havijafunguliwa. Wifi, nimechoka. Sikio la kufa..."

"Usimalizie," Marita alisema.

Kaka hakosolewi kwa simu. Kwa kweli kaka hakosolewi kabisa na mdogo wake wa kike. Hutafutwa mtu mzima, akaenda, akaketi, akazungukia neno mpaka lifike. Kwa hiyo Marita alimpigia mchungaji Gatsinzi wa hapo hapo Columbus, akamweleza yote, akamwomba aende akaongee na Sylveri. Mchungaji alisikiliza bila kumkatiza. Alisema ataomba. Kisha akakohoa kidogo, akasema alikuwa na nia ya kumpigia, kwamba mama mchungaji anasumbuliwa na kizunguzungu, na kama ingewezekana pakiti mbili tu za zile za njano.

Marita alimshukuru. Aliweka simu ndani ya droo, akaifunga droo.

Mama Guo alikuwa ametoka nyuma ya pazia na glasi yake ya maji ya vuguvugu. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kila asubuhi, mbele ya yeyote aliyekuwepo, wateja hata mtu wa posta, alifungua kiboksi chake chenye vyumba saba, akatoa vidonge vya siku hiyo, akavimeza, akaendelea kuongea palipokatika. Marita alimwona akifanya hivyo kwa miaka mitatu na hakuwahi kumwambia kwamba wao ni wa kundi moja. Wawili hao walikuwa na Kiingereza chao, ambacho mtu wa tatu asingekielewa, na kwa Kiingereza hicho Marita alimweleza habari za kaka.

Mama Guo alisonya. "Ua ni la kunywa," alisema. "Nani amesema muache daktari? Mimi gunia zima ninalo, na kidonge namezea maji."

"Naomba siku mbili. Nikamwone."

"Nenda. Maua usibebe."

"Hata kidogo? Ni kaka yangu."

"Hata moja," alisema Mama Guo, akavuta rundo la maua yaliyochanganyika upande wake na kuanza kuyachambua upya mwenyewe, akisonya tena.

Basi lilimtoa Louisville Jumamosi asubuhi, likambadilisha Cincinnati, likamfikisha Columbus saa nane mchana. Njia nzima alijiandalia maneno. Akisema Mungu ameniponya, nitamwambia Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili. Akisema mashine mbovu, nitamwambia tukapime hospitali. Akisema dawa za wazungu ni sumu, nitamwuliza chanjo alizochomwa kabla ya kupanda ndege zilikuwa za nani. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Hakuwa ameonja chakula wala maji, wala hakuwa amekunywa kidonge chake, kwa sababu choo cha basi kilikuwa kimefungwa na aliyeketi pembeni yake alikuwa mama mmoja anayesali kanisa la jirani huko Shively.

Sylveri alimfungulia mlango mwenyewe, amevaa koti la heshima na pamba puani.

"Karibu, mdogo wangu. Karibu nyumbani."

"Kaka, hiyo pamba?"

"Hewa ya hita. Ingia, ingia. Chai iko motoni."

Alimkalisha kwenye kochi kubwa. Akaleta birika mwenyewe, hakutaka Flavia amsaidie, akamimina kwa madaha ile chai ya njano yenye maua yaliyofumuka, akapiga funda, akafuta kikombe, akampa. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni. Aliuliza habari za kazi, za kanisa, za basi, na kila habari aliitikia vizuri, na kila alipoinama kuweka birika alishika kona ya meza kwanza. Marita alijaribu kuzungukia neno. Alizungukia kwa dakika ishirini. Mwishowe neno lilimshinda.

"Kaka, nimekuja kwa ajili ya vidonge."

"Najua. Flavia hawezi kunyamaza."

Flavia, aliyekuwa mlangoni pa jikoni akifuta sahani iliyokwisha kukauka, hakukana.

"Daktari alikuambia nini, kaka? Si alikuambia..."

"Aliniambia. Ninyi wote mnaniambia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini."

Marita alikuwa na majibu ya safari nzima, lakini hilo hakulitegemea. "Haya. Kwa nini?"

Sylveri alikaa sawa. "Siku ya kwanza nilisimama pale dirishani kwa mwenye dawa, nikamtazama. Kijana msafi, hana ubaya. Amevaa glovu. Anavimwaga vidonge kwenye kisinia, anavisukuma kwa kisu cha plastiki, vitano, vitano, kama mtu anayefagia mavi ya panya. Hakugusa hata kimoja kwa kidole. Nikamwuliza, wewe unavinywa hivi? Akacheka, akasema hapana, bwana. Nikarudi kwa daktari, nikamwuliza na yeye. Hapana. Sasa mtu ananipa kitu cha kuweka kinywani, yeye mwenyewe anaogopa kukigusa. Nani amekionja? Nioneshe mtu mmoja aliyekionja. Nilivinywa miezi miwili kwa sababu ya Flavia, na kila siku nilikuwa nikimeza kwa hofu."

"Kaka, hapa hawafanyi hivyo."

"Hapa. Lakini wewe ulifanya. Uliinywa ile chai mbele yangu, nikakuona unameza, ukafuta kikombe, ukanipa. Na tazama ulivyo. Miaka arobaini na saba, hujalazwa hata siku moja. Ningemwuliza nani zaidi? Ulisema kwa mdomo wako, mbele ya wazee. Ni maua."

Pamba ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Aliitoa, akaitazama, akaikunja ndani ya kitambaa na kuweka nyingine, bila haraka, kama anayefunga kifungo cha shati.

Marita aligeuka akamtazama Flavia pale mlangoni. Anampenda Flavia, lakini Flavia akijua jambo saa tisa, saa kumi linajulikana Buffalo, na jioni limeshaongezewa chumvi. Watasema alikuwa anawauzia watu maua na yeye anakunywa vidonge vya hospitali. Watasema mjane yule, shemasi yule. Alijionea yote hayo, akayaona mpaka mwisho, akachoka nayo. Alifungua mkoba.

"Wifi, naomba maji ya kunywa."

Alimwaga vidonge viwili vitatu kiganjani, akarudisha vingine, akabakiza kimoja. Alikiweka ulimini. Akafungua mdomo wazi kaka yake akione, kisha akanywa maji, akameza, akafungua mdomo tena.

"Hiyo ni vitamini," Sylveri alisema.

"Ni presha. Karibu miaka miwili sasa. Chupa ndiyo ya vitamini."

Chini kwenye maegesho mtu alikuwa akiwasha gari lisilowaka.

"Miaka miwili," Sylveri alisema.

"Ndiyo."

"Jovini nilimwokota kwa mikono hii. Na wewe unayo ile ile, unakaa nayo, unakuja kwenye harusi ya mtoto wangu unanichekea."

"Ndiyo, kaka."

"Ukaniambia ni maua."

"Niliona aibu. Na nilipenda mlivyonisifu." Sauti yake ilipanda, hakuizuia. "Maua ni mazuri, nayapenda, nayanywa kila siku. Lakini hayajanishushia hata namba moja, na mwenye maua mwenyewe anameza vidonge mbele ya mtu wa posta. Wewe ukaenda kutoa ushuhuda kwa uongo wangu. Ukifa, kaka, nitakuwa nimekuua mimi. Nitakuzika mimi, na Nzigire atanipigia simu siku ya matanga kuulizia pakiti makumi mbili."

Flavia alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Sylveri hakutikisika. Alikuwa akimtazama mdogo wake kama mtu aliyeletewa barua iliyochelewa, na alipoongea hakuongea kwa hasira.

"Unaumwa kichwa asubuhi?"

"Zamani. Sasa hapana."

"Na moyo kwenda mbio?"

"Zamani."

Alinyanyuka, akashika meza kidogo, akaenda kabatini. Alirudi na chupa moja kati ya zile nne, akahangaika na kizibo mpaka Flavia akamfungulia, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kisahani mbele ya Marita.

"Kionje hiki."

"Kaka, nimeshameza changu cha leo. Nikimeza na chako nitaanguka hapa hapa."

"Sikusema umeze. Anayeonja hashibi. Wewe ulionja kutoka chungu chako, sasa unataka ninywe kutoka chungu kingine? Umesahau ulivyolelewa?"

Mungu wangu, Marita alijisemea, mtu huyu atanimaliza kabla ya presha. Alikichukua kidonge kwa vidole viwili. Akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akakiacha hapo huku kaka akimwinamia karibu, macho mekundu kwa macho. Kilikuwa kichungu. Alikitoa, kimelowa, kimeanza kulainika pembeni, akakishika mbele yake. Sylveri alikinga mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu kutoka kwa mtu anayemheshimu, akakitia mdomoni. Akanywa maji. Walimwona akimeza.

Flavia aliketi chini sakafuni pale pale mlangoni, sahani mapajani, akafuta macho kwa taulo la vyombo.

"Na kesho?" Sylveri aliuliza.

"Kesho vipi?"

"Kesho nani atanionjea?"

Kesho yake asubuhi Marita alikuwa bado yupo, akakionja. Lakini Jumapili hiyo saa saba mchana ana basi, Jumatatu ana kazi, na vidonge, alimweleza kaka yake, si vya siku mbili, ni vya kila siku mpaka mtu anakufa uzeeni. Flavia alisema anaweza kuonja yeye. Sylveri alisema Flavia ana presha ya chini, ataonjaje kitu ambacho mwili wake haukihitaji, si atakuwa anaigiza tu. Wakabishana kuanzia kanisani mpaka mezani. Mwishowe Flavia, aliyesoma mpaka darasa la saba na ndiye msomaji wa nyumba, alimwambia Marita amtafutie kwenye simu picha ya karatasi yake ya dawa, akaiweka sambamba na chupa ya mumewe, akasoma kwa kidole herufi moja moja. Jina lilikuwa moja. Cha Marita kilikuwa cha miligramu kumi, cha Sylveri cha tano.

"Basi chungu ni kimoja," Sylveri alisema. "Yeye ana kikombe kikubwa."

Ndivyo walivyokubaliana: kila asubuhi Marita ameze chake kwanza mbele ya simu, kaka akimwona. Na daktari apigiwe simu Jumatatu hiyo hiyo, Flavia akasisitiza, na aende naye, na mwenye pamba puani asiseme neno. Sylveri alinung'unika lakini hakukataa.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Marita alisimama kituoni akisubiri basi la kwenda kazini, pamoja na watu sita saba wa kila siku: mlinzi anayetoka zamu, wasichana wawili wa kiwandani, na Liberati, mzee wa kanisa lake, mwenye kibegi cha chakula. Liberati alikuwa ameshasikia habari tangu jana usiku. Marita alijua kwa jinsi alivyomsalimia kwa upole. Baridi ilikuwa imeanza. Alivua glovu moja kwa meno, akapiga simu ya video kwa Imo, na baada ya mlio mrefu uso wa Sylveri ukajaa kioo, karibu mno, pua na nywele za mvi.

"Rudisha simu nyuma, kaka. Sikuoni mdomo."

"Umeshakunywa?"

"Nakusubiri. Una maji?"

"Ninayo. Anza wewe."

Hakukuwa na choo cha kujifichia. Marita alitoa kidonge, akanyanyua simu usawa wa uso, akatoa ulimi wote nje kana kwamba yuko kwa daktari wa meno, akaweka kidonge juu yake. Msichana mmoja wa kiwandani akamgusa mwenzake. Liberati aligeukia barabara, kwa heshima. Marita alivuta maji kwenye chupa, akameza, akafungua mdomo, akauzungusha kushoto na kulia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, wewe."

Sylveri alitoa kidonge. Alikishika kwenye mwanga wa dirisha la Columbus, akakigeuza. Nyuma yake Flavia alipita na kikapu cha nguo, akasimama. Sylveri alifungua mdomo, akatoa ulimi, kidonge kikiwa katikati, cheupe, kidogo.

Picha ikaganda.

"Kaka?"

Uso ulibaki vile vile, mdomo wazi, ulimi nje, macho yakimtazama. Duara la kusubiri likazunguka juu ya paji lake. Basi lilipinda kona, likaja na taa zake, likasimama, mlango ukafunguka na joto likatoka. Wasichana walipanda, mlinzi akapanda. Liberati aliweka mguu mmoja juu ya ngazi, akageuka.

"Mama Marita, basi."

"Ninaliona."

"Utachelewa."

"Meza, kaka," aliiambia simu. "Meza basi, jamani, meza."

Dereva alimtazama kwenye kioo, akangoja kidogo, akamtazama tena. Marita alimpungia mkono aende. Mlango ulifungwa. Akabaki peke yake kituoni, mkono mmoja hauna glovu, simu ameinyanyua juu kadiri mkono ulivyofika kutafuta mtandao, na ndugu yake humo, mdomo wazi, akingojea.